Barua ya wazi kwa wakubwa wa ardhi, biashara na kodi: badilisheni namna dalali wa fremu anavyolipwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam, na ndugu zetu wa TRA.

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wale tunaolingana, habari za kazi. Mimi ni mama nauza viatu na mikoba hapa Kariakoo, jumla na rejareja, nimeshahama fremu mara kadhaa na kila nikihama napita kwa dalali kwa sababu njia nyingine sijaiona. Naandika kuhusu hela ya dalali. Najua mkisikia dalali akili inaenda kwa wale matapeli wa viwanja, wa kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Hao siwaongelei leo, hao kazi yao ni polisi. Naongelea dalali wa kawaida kabisa, asiyeiba, anayekutafutia fremu ya duka au stoo au chumba cha ofisi ghorofani, anakuonesha, mnaelewana, anachukua chake anaondoka. Huyo ndiye naomba mumtazame, kwa sababu jinsi anavyolipwa inamsukuma afanye kazi kinyume na mtu anayemlipa, na hata awe mcha Mungu vipi, hela inamvuta kule kule.

Niwaelezee utaratibu maana naamini wengine humo maofisini hamjawahi kutafuta fremu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na anayeitoa ni mpangaji, mwenye nyumba hatoi kitu. Kwa hiyo tuseme fremu ni milioni 1 kwa mwezi, siku ya kusaini unatoa milioni 12 za mwenye nyumba na milioni 1 ya dalali, hapo hujapiga rangi, hujaweka shelfu, hujaingiza hata katoni moja ya mzigo. Na fremu ikiwa sehemu ya moto, tuseme mtaa wa Kongo au Aggrey au Msimbazi kwenyewe, kuna kilemba juu yake, hela ya kumtoa aliyepo ili akuachie nafasi, na kilemba chenyewe kinaweza kuzidi hata kodi ya mwaka. Kwenye kilemba dalali ana fungu lake jingine ambalo hakuna anayekuambia ni kiasi gani, wanajuana wao. Halafu kabla ya yote hayo kuna hela ya kuoneshwa, wengine wanaiita sevisi chaji, elfu kumi, elfu ishirini, unaitoa hata kama ulichooneshwa ni kichochoro ambacho mteja hawezi kukiona akiwa amesimama mlangoni.

Sasa twende taratibu kwenye hiyo milioni 1.

Mimi ndiye nimempa dalali kazi, mimi ndiye namlipa, kwa hiyo mtu angetegemea apambane niipate kwa bei ndogo. Lakini angalieni hesabu. Akinisaidia kumbana mwenye nyumba ashuke kutoka milioni 1 mpaka laki 9, mimi kwa mwaka naokoa milioni 1 na laki 2. Yeye anapoteza laki 1. Yaani nimemwajiri mtu ambaye akinifanyia kazi vizuri anapunguziwa mshahara, na akikaa kimya au akimnong'oneza mwenye nyumba kwamba huyu mama anaihitaji sana, usishuke, anaongezewa. Hakuna mahali pameandikwa kwamba lazima anisaliti, ila bei ya kunisaliti imewekwa wazi pale mezani na kila dalali anaijua kwa sababu ndiyo hesabu yake ya kila siku.

Na akitumia wiki mbili zaidi kunizungusha ili tupate ya bei nafuu, hizo wiki mbili hazimlipi chochote. Anachohitaji yeye ni dili ifungwe leo, ikifungwa kesho kutwa mwingine anaweza kumuwahi. Ndio maana ukitafuta fremu utasikia tu "dada fanya fasta kuna mtu anakuja na hela saa tisa". Wakati mwingine kuna mtu kweli. Mara nyingi hakuna, ila huwezi kujua, unaenda benki unatoa.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani ni kubwa kuliko bei, nalo ni kuhama hama. Dalali analipwa mara moja tu, siku ya kuingia. Nikikaa pale miaka kumi na biashara ikastawi yeye hapati hata mia. Nikitoka baada ya mwaka, fremu ikawa wazi, anapata mwezi mwingine kwa mtu mpya, na mimi mwenyewe natafuta sehemu kwa hiyo anaweza kupata mwezi mwingine kwangu pia. Mimi nikitolewa yeye analipwa mara mbili, nikitulia halipwi kabisa. Kuna fremu niliwahi kuingizwa na dalali mmoja, kijana mzuri tu, ananiita mama, mzigo ukija anasaidia hata kushusha. Mkataba ulipokaribia kuisha mwenye nyumba akanipigia kwamba amepata mtu wa kutoa zaidi, tena zaidi sana, niongeze au niache. Nilikuja kugundua mtu mwenyewe aliletwa na yule yule dalali aliyeniingiza mimi. Sikugombana naye. Nilikaa nikafikiria, nikaona kwa namna mfumo ulivyo yule kijana alikuwa anatafuta kodi ya mwezi mmoja kama anavyotafuta siku zote, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya hela yake. Lakini niliumia, wateja wangu wa mikoani walizoea kuja pale, mtu anatoka Mbeya au Songea na basi la usiku anaenda moja kwa moja kwenye mlango anaoujua, akikuta mlango una sura nyingine anaingia wa jirani, biashara ndiyo imeondoka hivyo.

Nina mdogo wangu wa kiume anafanya hii kazi, kwa hiyo msije mkadhani nina chuki na madalali. Naona maisha yao kutoka ndani. Hawana mshahara, hawana posho, asubuhi anatoka na hela ya bodaboda na vocha, anazunguka Likoma, Narung'ombe, Sikukuu, Mchikichi, anaulizia walinzi na mafundi nani anahama, anapiga picha, anatuma kwenye magrupu ya WhatsApp, anaonesha watu wengi na wengi wao hawarudi. Anaweza kupita mwezi mzima bila kufunga kitu. Wengine wanamtumia kuonesha halafu wanamzunguka wanaenda kwa mwenye nyumba wenyewe usiku ili wasimlipe, hiyo ipo sana na ni dhuluma, naisema wazi kwa sababu sisi wapangaji tunaifanya. Ndio maana wakabuni sevisi chaji, walau hela ya nauli irudi. Ndio maana pia ukimuuliza fremu iko mtaa gani hakuambii mpaka mkutane, anajua ukishaijua umemaliza kazi naye.

Na hiyo kodi ya mwezi mmoja mkiiona kubwa, mjue haiingii mfuko mmoja. Dalali wangu ana mteja, ambaye ni mimi, lakini fremu anayo dalali wa pili, na dalali wa pili naye kaipata kwa mtu wa tatu ambaye ndiye anajuana na msimamizi wa jengo. Milioni 1 ikigawanywa kwa watatu, na msimamizi naye akitaka ya soda, kila mmoja anatoka na laki mbili na kitu. Hapo ndipo kinapoingia cha juu. Mwenye nyumba amesema laki 8, mpaka ikifika kwangu imekuwa milioni 1, tofauti ya laki 2 kila mwezi mara 12 ni milioni 2 na laki 4, watu wanagawana na mwenye nyumba hana habari, na mkataba unaandikwa mmoja wa kwangu na mwingine wa kwake. Wanaofanya hivi ni baadhi tu. Wengi wanajitahidi. Ila hakuna kitu kinachomzuia anayetaka kufanya, na anayekataa kufanya anaonekana mjinga mbele ya wenzake.

Jambo jingine linalotokana na malipo haya haya ni kunyamaziwa. Dalali anajua mengi kuhusu jengo, kuliko hata mwenye nyumba wakati mwingine. Anajua kama ndugu wana kesi ya mirathi na mmoja wao atakuja kukutoa. Anajua kama mpangaji aliyepita aliondoka kwa sababu ya maji machafu kupanda, au kama jengo limeshauzwa na linasubiri kubomolewa kwa ajili ya ghorofa jipya. Lakini kila neno analokuambia linaweza kumfukuza mteja, na mteja akikimbia yeye analala njaa. Tangu lile jengo lilipoporomoka hapa Kariakoo Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 na wenzetu wakafia ndani, kila anayetafuta fremu anauliza chini kuna nini, wanachimba, wamechimba, nguzo zimeguswa? Unamuuliza nani? Unamuuliza dalali, mtu pekee uliyenaye, na huyo akisema ndiyo wamechimba anapoteza kodi ya mwezi mmoja. Sisemi madalali ndio waliosababisha lile, hapana, Mungu awarehemu waliotangulia. Nasema tumemweka mtu mmoja kuwa chanzo chetu cha habari halafu tukamlipa kwa sharti kwamba habari iwe nzuri.

Waheshimiwa, wenzake wote wa kazi za jirani na yake mmeshawawekea utaratibu. Mthamini wa majengo ana sheria yake ya mwaka 2016 na bodi ya usajili, hawezi kuamka tu asubuhi akasema yeye ni mthamini. Dalali wa mnada anatakiwa awe na leseni. Dalali wa mahakama ana kanuni zake. Dalali wa fremu, ambaye kupitia mikono yake zinapita hela za mitaji ya watu kila siku kuliko hao wote hapa mjini, mimi bado sijaona aliyeulizwa hata kadi. Wizara imekuwa ikitaja sheria ya kusimamia sekta ya milki, yaani biashara ya kuuza na kupangisha ardhi na majengo, kwa miaka sasa, mawaziri wamepita na kupokezana, na mpaka naandika hii, huku chini kinachomtambulisha dalali ni namba ya simu na kibandiko kwenye nguzo ya umeme.

Mwaka 2005 mlifuta ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, sawa, soko likaachwa liamue. Lakini soko linaamua kwa habari, na habari ya bei za fremu Kariakoo anayo dalali peke yake. Mwenye nyumba anaijua kodi ya jirani kwa kuambiwa na dalali, mpangaji naye hivyo hivyo, na mwenye kuwaambia wote wawili anafaidika ikiwa juu.

Julai 2025 likatoka agizo la leseni za biashara la kuzuia wasio raia kufanya biashara 15, na udalali wa biashara na majengo ukawekwa humo. Nilifurahi, sitaficha, kwa sababu maana yake Serikali imekiri kwamba hii ni kazi halali ya Mtanzania, inayostahili kulindwa kwa faini na kifungo. Basi kama mmeilinda isichukuliwe na wageni, ipangeni na kwa ndani. Kumzuia mgeni asiwe dalali hakujabadilisha chochote kwenye hesabu niliyowaonesha hapo juu, dalali Mtanzania naye akinishushia laki 1 anapoteza laki 1.

Wenzetu wamefanyaje? Kenya wana sheria ya mawakala wa majengo tangu 1984 na bodi ya kuwasajili, na kwa wenye maduka wana baraza maalum la kodi za majengo ya biashara, mwenye jengo wa duka linalolindwa na ile sheria yao hakupandishii kodi wala kukutoa bila notisi ya maandishi ya walau miezi miwili, na unaweza kwenda kumpinga pale. Mapungufu wanayo, wanalalamika wao wenyewe, ila mahali pa kulalamikia papo. Sisi tunaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ambalo limejaa kesi za mashamba na mirathi, mpaka zamu yako ifike mzigo umeshaharibika stoo. Dubai, ambako nusu ya Kariakoo tunaenda kufuata mzigo, dalali lazima asajiliwe na mamlaka ya majengo waliyoianzisha 2007, ana namba yake, unaiangalia, na Serikali yenyewe ina kipimo cha kodi ya pango cha eneo kwa eneo ambacho mpangaji anaweza kukitazama kabla hajaongea na mtu. Marekani kwenye maduka na maofisi kawaida mwenye jengo ndiye anayelipa madalali, wa kwake na hata wa mpangaji, kwa asilimia ya kodi ya mkataba mzima, na mara nyingi hela wanaitoa vipande viwili, nusu ikisainiwa na nusu mpangaji akishaingia au akianza kulipa. Kwao pia dalali anavutwa na mkataba mrefu na bei kubwa, kwa hiyo dawa kamili hawana, lakini angalau hapewi zote siku ya kwanza akapotea.

Sasa ninachoomba, na naomba mkisome kama ombi la mtu anayelipa kodi.

Kwanza kabisa, na hili ndilo ambalo kama mtafanya moja tu basi fanyeni hili: aliyemtuma dalali ndiye amlipe. Mwenye nyumba akimwambia dalali nitafutie mpangaji, alipe mwenye nyumba. Mimi nikimwambia nitafutie fremu, nilipe mimi, na tukubaliane kwa maandishi bei kabla hajaanza kuzunguka. Mkiniuliza mwenye nyumba si atairudisha hiyo hela kwenye kodi, nawajibu ndiyo, baadhi watairudisha. Lakini itakuwa imeingia kwenye mkataba, inaonekana, inagawanyika kwa miezi, inalipiwa kodi ya Serikali. Na la muhimu zaidi, leo mwenye nyumba kubadilisha mpangaji hakumgharimu hata senti, gharama yote anabeba anayeingia, kwa hiyo akinong'onezwa kuna mtu wa kuongeza laki 1 anasema mlete. Siku atakayojua kila mpangaji mpya ni kodi ya mwezi mmoja inatoka mfukoni kwake, atakaa chini apige hesabu, laki 1 kwa miezi 12 ni milioni 1 na laki 2, toa milioni 1 na kitu ya dalali, toa na wiki ambazo fremu itakaa wazi, faida iko wapi. Ataniambia mama ongeza kidogo ubaki. Hapo ndipo tutaanza kukaa kwenye fremu miaka.

Pia malipo yagawanywe. Nusu siku ya kusaini, nusu baada ya miezi sita mpangaji akiwa bado yupo na hakuna kilichofichwa kilichojitokeza. Dalali aliyejua kuna kesi ya mirathi atafikiria mara mbili kunyamaza. Wale wadogo kama mdogo wangu mtasema watakufa njaa wakisubiri nusu ya pili, mimi niliongea naye hili, akasema mwanzoni itauma lakini baada ya miezi sita atakuwa kila mwezi kuna hela za nyuma zinaingia, kitu ambacho hajawahi kukiona tangu aanze hii kazi. Na hapo sevisi chaji ipigwe marufuku au iingizwe kwenye malipo ya mwisho, irudishwe mtu akichukua fremu.

Dalali aliyekuingiza asiruhusiwe kulipwa kwa mtu mwingine kwenye fremu ile ile ndani ya muda fulani, tuseme miaka miwili, labda kama umeondoka kwa hiari yako na umesaini. Hili halihitaji bajeti, ni mstari mmoja kwenye kanuni.

Jina la dalali na alicholipwa na nani amemlipa viandikwe kwenye mkataba wa pango wenyewe. Wote kama ni watatu waandikwe watatu. Cha juu kitakufa hapo kwa sababu mwenye nyumba na mpangaji watasaini karatasi moja yenye bei moja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, tayari ina sehemu nzima ya uwakala, inasema wakala akijifanyia biashara yake kwenye kazi uliyomtuma bila wewe kujua unaweza kuidai ile faida aliyoipata. Haki hiyo ipo kwenye vitabu toka zamani, tunashindwa kuitumia kwa sababu hakuna karatasi inayoonesha nani alikuwa wakala wa nani.

Na kwenu TRA. Mikataba ya pango inaletwa kwenu kwa ajili ya ushuru wa stempu, na kodi ya zuio ya pango sisi wapangaji ndio mnatutaka tuikate tuilete. Kwa hiyo kodi halisi za pango za mitaa hii mnazo kwenye mafaili, labda mnazo nyingi kuliko mtu yeyote. Toeni basi kila mwaka bei ya chini, ya kati na ya juu ya fremu kwa mtaa, bila jina la mtu, bila namba ya jengo. Mtaa wa Swahili fremu za chini ni kati ya hapa na hapa, ghorofa ya kwanza hapa na hapa, basi. Najua mikataba mingine inaandikwa bei ndogo kuwadanganya nyinyi, lakini bei zikianza kuchapishwa hata mwenye nyumba atapata sababu ya kuandika ya kweli, maana akiandika laki 3 wakati anachukua milioni 1, mwaka unaofuata mpangaji mpya atamletea karatasi yenu ya laki 3. Na ile hela ya dalali ambayo leo inapita mkononi bila risiti mtaanza kuiona. Naomba tu msianze kwa kuwakadiria madalali kodi za kuwaua, anzeni kwa kuwafanya waonekane.

Mkurugenzi wa Jiji, kwako ni leseni. Ndogo, ya bei ambayo kijana wa Buguruni anayetembea kwa miguu anaweza kuilipa, yenye picha na namba, na mahali pa kupeleka malalamiko palepale kwenye ofisi ya kata au serikali ya mtaa. Msiifanye ya makampuni. Nina wasiwasi sana na hili, kwamba mkija kutunga utaratibu mtadai ofisi, kompyuta, cheti cha chuo, mtaji wa mamilioni, na mwisho kazi itabaki kwa makampuni machache ya Posta na Masaki yanayopangisha ofisi kwa dola, na hawa vijana watarudi kuifanya kwa kujificha na sisi tutarudi kule kule. Dalali anayelijua jengo la Narung'ombe ni yule aliyekulia Narung'ombe. Msajilini huyo.

Na wao walindwe pia. Mpangaji akioneshwa fremu na dalali mwenye leseni, akasaini fomu kwamba ameoneshwa tarehe fulani, halafu akamzunguka akaenda kwa mwenye nyumba usiku, alipe. Hili wafanyabiashara wenzangu halitawafurahisha lakini mtu ametumia nauli yake na mwezi wake, hatuwezi kudai atende haki wakati sisi tunamkimbia.

Wengine mtasema haya yote yasubiri ile sheria ya milki ipite Bungeni. Sheria ije, tunaitaka, na haya ya nani alipe, lini alipe na dalali asimtoe aliyemuingiza naomba yaandikwe ndani yake, sio yaachwe kwa kanuni za baadaye ambazo hatutaziona. Lakini fomu ya leseni haisubiri Bunge, Sheria ya Leseni za Biashara ipo tangu 1972 na ndiyo mliyoitumia Julai 2025 kwa lile agizo. Mfano wa mkataba wa pango wenye nafasi ya jina la dalali hausubiri Bunge, unaweza kuchapishwa wiki hii ukawekwa kwenye tovuti ya Wizara na kubandikwa kwenye ofisi za serikali za mitaa Kariakoo yote. Na TRA kutoa wastani wa bei za mitaa hakuhitaji mbunge hata mmoja anyooshe mkono.

Mkitaka kusikia zaidi, msituite ukumbini na chai ya maandazi tukae mistari mitatu nyuma tusikilize hotuba. Njooni na madalali wenyewe, wale wa vibandiko, na wasimamizi wa majengo, na wapangaji, mtuulize mmoja mmoja nani alilipa nini mara ya mwisho. Jumapili mchana ni muda mzuri, wengi tunafunga mapema. Mdogo wangu amesema atakuja, na atawaletea daftari lake.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mama muuza viatu na mikoba, Kariakoo, Dar es Salaam